Dejima ya Nagasaki kwa Macho ya Mwalimu wa Kiingereza

Kwa mwalimu wa Kiingereza kutoka Afrika Mashariki anayefanya kazi katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, na anayetaka kutumia siku zake za mapumziko kuijua historia ya mahali anapoishi, makumbusho ninayoyaweka mbele ya mengine yote ni Dejima, kituo cha zamani cha biashara cha Waholanzi katika mji wa Nagasaki. Mimi ni Mtanzania ninayefundisha Kiingereza katika shule moja huku, na nimetembelea makumbusho mengi ya historia katika miji midogo na mikubwa ya Kyushu, lakini hakuna yaliyonigusa kama haya. Watalii wengi huja kutazama nyumba za mbao na kupiga picha. Ninachotaka kuwaeleza wenzangu ni kwamba hapa ndipo, kwa zaidi ya miaka mia mbili, kujifunza lugha ya kigeni kulipokuwa kazi ya serikali iliyorithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kwamba ufundishaji wa Kiingereza nchini Japani una mizizi yake katika mji huu.

Kufika si kazi ngumu. Kutoka Fukuoka unapanda treni hadi Takeo-Onsen, na papo hapo unahamia treni ya kasi ya Nishi Kyushu iliyoanza safari zake Septemba 2022, na kwa takriban saa moja na nusu unakuwa umeshuka Nagasaki. Mbele ya stesheni kuna tramu zinazosimama katika kituo kinachoitwa Dejima, hatua chache kutoka langoni, ingawa mwenye miguu mizima anaweza kutembea. Nilipokwenda kiingilio kilikuwa yen 520 kwa mtu mzima, na milango hufunguliwa tangu saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, jambo linalomfaa sana mwalimu anayefika mjini jioni baada ya vipindi vya Ijumaa. Kwa kiasi hicho cha fedha, ambacho katika mji huu hakizidi bei ya bakuli moja la tambi, sijaona mahali penye thamani kubwa zaidi.

Mgeni ajiandae kwa jambo moja, kwamba kisiwa hakizungukwi tena na bahari. Kazi za kupanua bandari zilizokamilika mwaka 1904 zilijaza udongo pande zote, na leo Dejima imezingirwa na barabara, reli ya tramu na majengo ya ofisi. Mji wa Nagasaki umejiwekea lengo la muda mrefu la kukirudishia kisiwa maji katika pande zake zote, na hatua iliyokwisha kuonekana ni daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa Novemba 2017 juu ya mto, mbele ya lango kuu la zamani. Namshauri kila mgeni aingie kwa daraja hilo hata kama lango jingine liko karibu naye zaidi, kwa sababu daraja ndilo lililokuwa njia pekee ya nchi kavu kati ya kisiwa na mji, na askari wa Kijapani walisimama hapo usiku na mchana. Ubao wa amri uliowekwa langoni ulitaja wasioruhusiwa kupita: wanawake wote isipokuwa makahaba wenye kibali, watawa wa Kibudha isipokuwa wale wa mlima Koya, na ombaomba. Waholanzi nao hawakuruhusiwa kutoka bila idhini.

Historia ya kisiwa chenyewe inafaa kusomwa kwa makini na mtu wa pwani yetu. Wareno walioanza kutia nanga Nagasaki mwaka 1571 walikuwa tawi la ule mtandao mmoja wa meli uliopita Msumbiji, Goa na Macau, na ulioanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Mombasa, mgeni alijenga ngome ili autawale mji. Nagasaki, watawala wa nchi ndio waliojenga, na walijenga ili wamfungie mgeni ndani. Kati ya mwaka 1634 na 1636, wafanyabiashara 25 matajiri wa Nagasaki walitoa fedha zao kwa amri ya serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, kutengeneza kisiwa chenye umbo la upepeo kitakachowatenga Wareno na wenyeji, hasa kwa ajili ya kuzuia kuenea kwa Ukristo, na wafadhili hao wakawa wanalipwa kodi ya pango. Wareno walifukuzwa kabisa mwaka 1639, na mwaka 1641 Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ikaamriwa kuhamia hapo kutoka Hirado. Eneo lote ni kama hekta moja na nusu, na hadi mwaka 1859 Mholanzi aliyetumwa Japani aliishi ndani ya nafasi hiyo. Nilipokuwa nikizunguka uzio wa nje nilifikiri sana jinsi historia ya pwani yetu ingekuwa iwapo masultani wa Mombasa na Kilwa wangekuwa na uwezo wa kuwaambia wenye mizinga wakae wapi, walipe nini na watoke lini.

Ujenzi mpya wa majengo umefanywa kwa uangalifu ambao ni nadra kuuona. Mpango ulianza katika miaka ya 1990, na nyumba zimekuwa zikiongezeka kwa awamu, zikiwemo zile zilizokamilika mwaka 2000, 2006 na 2016. Wasanifu walitegemea mabaki ya misingi yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia, michoro ya wasanii wa Nagasaki, pamoja na mfano mdogo wa kisiwa uliotengenezwa kwa agizo la mkuu wa kituo Jan Cock Blomhoff mwanzoni mwa karne ya 19, ambao umehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Ndani ya maghala unaonyeshwa jinsi bidhaa zilivyopokelewa, kupimwa na kuandikwa: hariri ghafi, sukari, ngozi za paa, nguo na dawa zikiingia, fedha, shaba, kafuri na vyombo vya kauri vikitoka. Sukari peke yake ilibadili mapishi ya Kyushu nzima, na keki ya kasutera inayouzwa kila pembe ya mji, ambayo asili yake ni Ureno, isingekuwa ilivyo bila magunia yaliyoshushwa Dejima. Vipande vya sahani, chupa za kioo na viko vya udongo vilivyofukuliwa ardhini vimewekwa wazi, na kwangu vilisema mengi kuliko picha kubwa za ukutani.

Nyumba ya mkuu wa kituo ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Ghorofani, sakafu ni ya mikeka ya tatami na kuta zimebandikwa karatasi za kupambwa za Kijapani, lakini juu ya mikeka hiyo kuna meza ndefu, viti na taa za Ulaya, na meza imeandaliwa karamu ya majira ya baridi ambayo Waholanzi waliwaalika maofisa wa Nagasaki. Kwa kuwa Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku, sherehe ya Krismasi haikuweza kutajwa kwa jina lake, ikapitishwa kama sikukuu ya siku fupi kuliko zote za mwaka, ambayo Wajapani nao waliitambua. Nilikaa katika chumba hicho muda mrefu nikiitazama meza ile, kwa maana inaonyesha jinsi watu wawili wasioaminiana wanavyoweza kukubaliana juu ya jina moja la sikukuu na kila mmoja akala kwa nia yake.

Blomhoff huyo huyo ana habari nyingine ambayo kila anayefika hapa inampasa aijue. Alipofika mwaka 1817 kushika uongozi, alikuja na mkewe Titia Bergsma, mtoto wao mchanga na yaya. Serikali ya shogun haikukubali mwanamke wa Kizungu aishi Dejima. Maombi yalipelekwa, yakakataliwa, na mwishoni mwa mwaka huo huo mama, mtoto na yaya wakapandishwa meli ya kurudi. Titia alifariki mwaka 1821 bila kumwona tena mumewe. Katika miezi ile michache, wachoraji wa Nagasaki walimchora mara nyingi kiasi kwamba sura yake ilienea nchini katika michoro na vyombo vya kauri. Walimu wengi tunaofanya kazi ughaibuni tumeziacha familia nyumbani kwa sababu ya masharti ya viza, na sidhani kama yupo atakayesoma habari hiyo akaipita haraka.

Sasa nije kwenye wakalimani, ambao kwangu ndio moyo wa mahali hapa. Waholanzi hawakutakiwa kujifunza Kijapani. Wajapani ndio waliojifunza Kiholanzi. Koo maalumu za Nagasaki, kama vile Motoki, Yoshio, Narabayashi na Nishi, zilishika kazi hiyo kizazi baada ya kizazi, mtoto akianza kama mwanafunzi na kupanda ngazi hadi mkalimani mdogo na hatimaye mkalimani mkuu. Walitafsiri hati za mizigo, waliwasindikiza wakuu wa kituo katika safari ndefu ya kwenda Edo, ambayo leo ni Tokyo, kumsalimu shogun, na kila meli ilipofika waliandika ripoti ya habari za dunia iliyotokana na maelezo ya Waholanzi. Ripoti hizo hazikuwa mchezo: mwaka 1852 Waholanzi walitoa taarifa kwamba Marekani inaandaa msafara wa meli za kivita, na mwaka uliofuata kamanda wa msafara huo, Matthew Perry, akatia nanga Japani. Madaktari wa kituo, kama vile Engelbert Kaempfer, Carl Peter Thunberg na Philipp Franz von Siebold, wanatajwa sana kuwa ndio walioleta elimu ya Ulaya, na ni kweli walileta, lakini elimu hiyo ingebaki midomoni mwao bila watu wa Nagasaki walioketi usiku wakipambana na sarufi ya lugha ambayo waliisikia kwa Waholanzi wachache wa Dejima tu.

Kiingereza kiliingia kwa njia ya kuogofya. Oktoba 1808, meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Phaeton iliingia bandarini ikipeperusha bendera ya Uholanzi, ikawakamata Waholanzi wawili waliokwenda kuilaki, na ikatishia hadi ilipopewa maji na chakula. Ulinzi wa bandari ulikuwa umelegea, na gavana wa Nagasaki, Matsudaira Yasuhide, alijiua kwa kubeba lawama. Baada ya aibu hiyo serikali iliwaamuru wakalimani wa Kiholanzi wajifunze Kiingereza, na mwalimu wao akawa Blomhoff, ambaye wakati huo alikuwa bado ofisa wa chini katika kituo. Mwaka 1814, chini ya uongozi wa Motoki Shozaemon, ikakamilika kamusi ya Kiingereza na Kijapani inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini. Matamshi yake yalichukua lafudhi ya Kiholanzi, kwa kuwa mwalimu mwenyewe hakuzaliwa na Kiingereza. Sisi ambao tumejifunza Kiingereza darasani kutoka kwa walimu waliojifunza darasani, kisha tukaja kukifundisha katika nchi ya tatu, tuna haki ya kujiona katika mnyororo huo, na nasema hivyo nikiwafikiria walimu wenzangu wa Afrika ambao huulizwa katika usaili kama Kiingereza chao ni cha kuzaliwa.

Lipo jambo ambalo maelezo ya makumbusho yanaligusa kwa uchache kuliko ninavyotamani. Michoro ya Nagasaki ya karne ya 18 na 19 inawaonyesha Waholanzi wakifuatwa na watumishi wenye ngozi nyeusi, wakiwashikia miavuli au kuwabebea vyakula. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliotolewa katika visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia kupitia Batavia, yaani Jakarta ya leo, na katika zama za Wareno walikuwemo pia Waafrika waliotoka upande wa Msumbiji. Mgeni anayetoka kwetu asiridhike na hadithi ya wafanyabiashara na wasomi pekee. Awatafute watu hao katika kila mchoro anaosimama mbele yake, aangalie wamewekwa wapi na wanafanya nini. Hata hivyo hili halikunipunguzia heshima niliyo nayo kwa kazi iliyofanyika, na kama ningetakiwa kutoa nyota, ningetoa nne na nusu kati ya tano.

Ziara ya Dejima hupata maana kamili ikifuatiwa, siku ile ile, na Makumbusho ya Historia na Utamaduni ya Nagasaki, yaliyofunguliwa Novemba 2005 penye kiwanja cha iliyokuwa ofisi ya gavana huko Tateyama. Sehemu ya ofisi hiyo imejengwa upya, na siku za wikendi na za mapumziko wakazi wanaojitolea huigiza humo kesi za zamani kwa mavazi ya wakati ule. Mwenye Kijapani kidogo bado atafuata, kwa kuwa waigizaji hutamka maneno taratibu na kwa sauti kubwa.

Kutoka hapo, nenda kwa miguu upande wa Nishiyama, karibu na hekalu la Suwa, utafute mnara mdogo wa kumbukumbu ya Ranald MacDonald. Huyu alizaliwa mwaka 1824 katika eneo la mto Columbia, Amerika ya Kaskazini, mama yake akiwa wa kabila la Chinook na baba yake Mskoti. Mwaka 1848 alishuka kwa makusudi kutoka katika meli ya kuvulia nyangumi, akajifanya amevunjikiwa chombo na kufika kisiwa cha Rishiri, kaskazini mwa Japani, wakati ambapo mgeni kuingia nchini bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa. Alipelekwa Nagasaki, akahojiwa mbele ya gavana, akatakiwa kukanyaga picha takatifu kuthibitisha kwamba si Mkristo wa Kikatoliki, kisha akafungwa katika nyumba ya hekalu. Humo kifungoni wakalimani 14 walikwenda kwake kusoma. Walimsomea kwa sauti naye akiwarekebisha matamshi, na aliandika kwamba sauti ya “l” iliwasumbua; mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha Japani, au aliyewahi kufundisha watoto wa baadhi ya mikoa yetu, atatikisa kichwa kwa kukubali. Aprili 1849 meli ya Marekani iitwayo Preble ilifika kuwachukua mabaharia waliokwama, naye akaondoka nayo. Mmoja wa wanafunzi wake, Moriyama Einosuke, alikuwa mkalimani mkuu katika mazungumzo na Perry mwaka 1854. Darasa lililodumu miezi michache, bila kitabu cha kiada na bila ubao, lilizaa matokeo hayo. Hatajwi sana katika vitabu vya watalii, na ndiyo sababu nimemwandikia aya ndefu.

Makumbusho mengine ya mji nitayataja kwa ufupi, kwa sababu hayapaswi kuchanganywa na ziara hii. Makumbusho ya Wafiadini 26, yaliyofunguliwa mwaka 1962 kwenye kilima cha Nishizaka ambako Wakristo hao waliuawa Februari 1597, ni madogo na yanatosheka kwa saa moja. Makumbusho ya Bomu la Atomiki yanahitaji siku yake peke yake. Bomu lililoangushwa tarehe 9 Agosti 1945, saa 5 na dakika 2 asubuhi, liliua watu wanaokadiriwa kufika 74,000 hadi mwisho wa mwaka huo, na haifai mtu aingie humo akiwa na ratiba ya kukimbilia mahali pengine, wala asitarajie kuwa na hamu ya kutazama kitu kingine chochote akishatoka.

Kwa wanaokwenda Dejima na watoto, ngazi za nyumba za zamani zina mwinuko mkali na wadogo washikwe mikono. Watafurahia zaidi mfano wa kisiwa kizima uliojengwa uani kwa kipimo cha moja kwa kumi na tano, ambao pia humsaidia mtu mzima kuelewa nyumba zilivyopangana kabla ya kuingia ndani, hivyo ni vizuri kuanza nao. Maandishi ya maelezo yapo kwa Kijapani na Kiingereza. Safari za makundi zinazotenga nusu saa kwa mahali hapa hazina faida kwa mtu anayetaka kusoma. Tenga angalau saa tatu, na kama unaweza kuchagua, ingia alasiri siku ya katikati ya juma, wakati makundi ya shule yameshaondoka na vyumba vya ghorofani vina nafasi ya kusimama mbele ya kila kabati. Mwalimu mwenye wanafunzi wa sekondari anaweza kuwapa kazi ya kuandika kwa Kiingereza barua ya mkalimani mmoja kwenda kwa mwanawe anayeanza mafunzo. Mimi niliwapa wangu, na waliandika kurasa nyingi kuliko nilizowaomba.